Sura ya Ishirini Ina Mshono Mwingine

"Sema ulikuwa unatania, Mwanasha. Sekunde kumi tu, unabonya pale unasema jamani—"

"Sisemi. Na mkono wako utoe kwenye simu yangu."

"—unasema jamani, ile sauti ya juzi nilikuwa nawachokoza. Watu wanacheka, yanaisha, tunafungua boksi—"

"Ningekuwa nawachokoza ningecheka mwenyewe. Dakika tisa zile nimecheka wapi? Nitajie dakika."

"Wewe si unajulikana? Kitabu cha mihogo nani alikifunga uzi mwekundu?"

"Cha mihogo kilikuwa cha mihogo, Damiani, hiki—"

"Songo Mnara nzima wamesoma kilimo bora kurasa themanini wanasubiri wapenzi wakutane—"

"Na wakakipenda," Bi Kidawa alidakia. "Amiri wa kule mpaka leo anasema ukurasa wa mbegu ulimliza."

"Bi Kidawa, usitikisike, utajichoma."

Bi Kidawa hakutikisika. Alikuwa amesimama katikati ya banda la kushonea, mikono kaitanua kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani, ndani ya gauni la harusi ya mjukuu wake lililojaa pini kuanzia kwapani mpaka magotini. Mwanasha alikuwa amebakiza upande mmoja tu wa kiuno pale Damiani alipoingia bila hodi, na tangu hapo hakuna aliyepata nafasi ya kumvua yule bibi wa watu.

Damiani alikuwa ametoka Mtama na basi la alfajiri, akashuka Kilwa Masoko saa sita mchana na hasira zake zikiwa bado za moto. Mtama ana steshenari. Anachapa barua za watu, anatoa kopi, anatengeneza kadi za michango, na tangu mwezi uliopita ni mwandishi wa vitabu. Nyuma yake aliingia mkewe, Apolonia, na boksi kichwani. Hakuna aliyempokea, maana maneno yalishaanza kurushwa. Akalitua mwenyewe karibu na mlango, akakaa juu yake, ile kata ya kanga akaiweka mapajani. Alimwambia Bi Kidawa shikamoo, akaitikiwa marahaba, basi. Alikuwa na kovu jeupe kwenye kona ya mdomo, ukimtazama haraka utadhani anataka kusema kitu.

Ndani ya boksi kulikuwa na vitabu arobaini, vya watu arobaini wa Kapu.

Kapu lilianza likiwa kapu kweli, la ukili, lenye mkono mmoja umekatika. Mwanasha alipoacha chuo Dar mwaka wa pili alirudi na mabegi mawili, la nguo na la vitabu. La nguo liliibiwa njiani. La vitabu hakuna aliyelitaka. Akajifunza kushona kwa mzee Suleiman, Mungu amrehemu, na wanawake waliokuja kupimwa wakawa wanafunua funua zile hadithi wakisubiri zamu. Halafu wakaanza kuazima. Halafu kapu likaanza kusafiri: linavuka na boti kwenda Songo Mnara, linapakiwa pikipiki kwenda Likawage, linapanda basi mpaka Lindi na Mtama. Na kila anayelipokea anauliza swali lile lile: hiki kina utamu?

Basi Mwanasha akawa anajibu kwa uzi wa cherehani. Mwekundu ni mapenzi. Wa kijani ni majini na maajabu. Mweusi ni mauaji na upelelezi. Fundo moja, soma ukiwa huna kazi. Mafundo mawili, soma. Matatu, acha ubwabwa uungue. Siku hizi Kapu lina kundi lake kwenye simu, na wenye mtandao anawatumia sauti humo, dakika tano, dakika sita, anakipasua kitabu kama korosho mpaka kiini. Lakini kule Likawage, ambako mtandao unaufuata juu ya kichuguu, msomaji wake Witness na wenzake bado wanatazama uzi tu, na wakiuona wanaamini. Sheria zake mbili: hafungui mdomo kabla hajafika ukurasa wa mwisho, na hamtaji muuaji hata umchome sindano.

Utani alikuwa nao, hilo kweli. Kitabu cha mihogo ni yeye. Na ndiyo maana leo Damiani alijua pa kumshikia.

"Nakwambia kwa mara ya mwisho," Damiani alisema. "Watu arobaini waliagiza hiki kitabu. Arobaini. Juzi umefungua mdomo wako, jana wote wanasema tunasubiri kwanza Mwanasha afafanue. Ufafanue nini? Mimi nimeandika kitabu, wewe fundi cherehani unafafanua?"

"Nimekisifia. Sura kumi na tisa nimezisifia mpaka sauti imekauka."

"Na ya ishirini?"

"Ya ishirini hujaandika wewe."

"Unaona? Unaona, bibi? Ananirudia usoni."

"Kama ya ishirini umeandika wewe," Mwanasha alisema, "basi zile kumi na tisa hujaandika. Chagua. Mimi sina ugomvi, chagua tu unayoitaka."

Hapo ndipo palipokuwa na jipu lake. Kwa siku mbili, kila anayeingia steshenari pale Mtama, hata aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, alikuwa anamuuliza kwa upole kabisa: mwandishi, hivi wewe uliandika kumi na tisa au moja?

Kitabu kinaitwa *Mgeni wa Ghala la Saba*. Mlinzi wa ghala la korosho anakutwa amekufa katikati ya magunia. Sabina, mke wa mpima korosho, ndiye wa kwanza kumwona, na ndiye peke yake anayemwona jini anayekaa mle ghalani, jini mwenye aibu, anayenuka mabibo, anayetokea tu pale mtu anapobangua korosho. Mapenzi, jini na maiti ndani ya jalada moja. Mwanasha alipoipokea nakala ya kwanza alisokota nyuzi tatu pamoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa nacho kando ya cherehani. Akasoma huku sketi za shule za watu zikisubiri. Sura ya nane aliunguza wali. Ya kumi na nne alimfukuza mteja. Ya kumi na tisa Sabina anamjua muuaji, anamwambia mumewe, mumewe anakwenda kujisifu kwa wakubwa kwamba yeye ndiye aliyegundua, na Sabina anafunga kanga zake mbili kwenye mfuko, anakwenda stendi.

Halafu ya ishirini. Kurasa kumi na moja. Mwanasha alipoimaliza alikirusha kitabu ukutani, mjusi akaanguka.

Mpaka leo hasira ile haikuwa imetoka. Ilikuwa imekaa tumboni kama ugali wa jana, na kila Damiani alipofungua mdomo ilipata moto.

"Mtu chuo kimekushinda," Damiani alisema, "unakaa unamaliza vitabu vya wenzako."

"Chuo sikumaliza. Chako nimekimaliza, na ndicho kinachokuuma."

"Kinachoniuma ni uongo. Umewaambia watu eti sura ya mwisho kaandika mtu aliyezoea kutoa amri. Ushahidi uko wapi? Mahakamani ungesema nini?"

"Ngoja nikwambie ningesema nini." Mwanasha alichomoa pini mdomoni, akaichomeka begani kwa Bi Kidawa bila kumtazama. "Sura kumi na tisa, hakuna chakula kinachojipika. Ukiona ugali, kuna mtu kachota maji, kuna mtu kakosa kuni, kuna mtu kaungua kidole. Sura ya ishirini watu wanakula pilau. Nani kapika? Mchele umetoka wapi? Hakuna aliyekaa jikoni nyumba nzima, pilau hiyo mezani, ya moto."

"Hiyo ni hadithi, kuna majini, wewe unauliza pilau?"

"Jini nimemwamini. Pilau sijaiamini." Bi Kidawa alicheka, akajichoma, akanyamaza. "Sura kumi na tisa Sabina halii hata mara moja. Anamkuta maiti, halii. Anapigwa, halii, anahesabu vigae vya paa. Sura ya ishirini analia mara sita kwenye kurasa kumi na moja. Anapiga magoti mara tatu. Kaka, mimi nimeletewa nguo nyingi hapa zilizoanzwa na fundi mwingine. Mtu anasema nimeshona mwenyewe. Naigeuza ndani nje, naangalia mshono. Mkono wa kwanza unakwenda taratibu, unarudia penye nguvu. Mkono wa pili unakimbia, unavuta uzi. Kitambaa kinajikunja. Sura yako ya ishirini imejikunja, Damiani. Mtoto mdogo angeiona."

"Huo sio ushahidi. Hayo ni maneno ya fundi."

"Ndiyo, ya fundi."

Damiani aligeuka. Aliliendea boksi, akamwashiria mkewe anyanyuke, Apolonia akanyanyuka. Boksi lilikuwa limefungwa kwa gundi ya karatasi, mzunguko juu ya mzunguko. Damiani akanyoosha mkono mezani na kuchukua mkasi.

Mwanasha alimpiga kofi mkononi kabla hajajua kama amempiga.

"Huo haukati karatasi."

"Nafungua boksi tu."

"Boksi ni karatasi. Huo ni mkasi wa nguo. Mzee Suleiman alikaa nao miaka thelathini, mimi wa kumi na moja, haujawahi kuonja karatasi hata ya pipi. Ukikata karatasi mara moja, kesho unatafuna kitambaa kama mbuzi. Tumia meno yako."

"Mwanangu mimi," Bi Kidawa alimwambia Damiani kwa upole, "mjukuu wangu aliwahi kuomba akate picha ya shule na huo mkasi. Hakuna asiyejua hapa. Alilia mtoto wa watu mpaka akapewa soda, mkasi hakupewa."

Damiani alikata gundi kwa ufunguo wa nyumba. Akatoa kitabu kimoja, kipya, kinanuka wino, akakipiga mezani juu ya vipande vya vitambaa. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko jina la kitabu.

"Soma hapo. Nani? Soma kwa sauti."

"Damiani."

"Basi. Jalada limesema. Chukua simu, rekodi, sema nilikuwa natania, mwandishi ni mmoja, kitabu ni kizuri, chukueni. Au boksi hili narudi nalo Mtama, na nitawaambia watu wote kwamba kwenye Kapu mnaharibiana majina. Utaona kama kuna mtu atakuletea kitabu tena. Utabaki unafunga nyuzi kwenye mihogo."

Hapo alikuwa amepiga penyewe, na wote wawili walijua. Mwanasha hakuwa na kitu kingine. Cherehani ilikuwa ya kulia chakula. Lakini kwamba mtu wa Likawage ambaye hajawahi kumwona anaweza kushika kitabu, akauona uzi, akakaa chini na kuacha kazi zake kwa sababu Mwanasha kasema, hilo ndilo lililokuwa lake. Akisema ukweli wake ulikuwa utani, kesho wakiona mafundo matatu watajiuliza: haya ni ya kweli au ya mihogo? Na asiposema, Damiani atamtangaza mzushi. Na yule mwenye sura kumi na tisa, yeyote yule, vitabu vyake vitarudi Mtama kuliwa na mchwa.

Aliichukua simu. Damiani akatulia.

Mwanasha akaiweka chini tena.

"Nikuulize maswali mawili," alisema. "Ukijibu, narekodi. Nasema nilikuwa mjinga, nasema kwa jina langu kamili na la baba."

"Uliza hata kumi."

"Chini ya mguu wa kitanda cha Sabina, ule mbovu, kumewekwa nini?"

Damiani alitazama juu, kwenye bati. "Tofali."

"Kifuu," alisema Bi Kidawa. "He. Kifuu cha nazi. Mimi nimeazima hicho cha Mwanasha, niko sura ya kumi na tatu tu, miwani yangu imevunjika mkono, na najua ni kifuu. Si ndicho kilichopasuka usiku mume akaenda chini? Nilicheka mpaka swala ya alfajiri ikanipita, Mungu anisamehe."

"Kifuu, tofali, ni kitu kile kile. Mtu anasahau. Unaandika kurasa mia mbili unakumbuka kila kifuu?"

"Sawa," alisema Mwanasha. "La pili. Sabina ni mke wa mpima korosho, anakaa Mtama, amezungukwa na korosho kila upande. Kitabu kizima hali hata moja. Jini anampa ya kukaanga, anakataa. Kwa nini?"

"Hazipendi."

"Ndiyo jibu lako?"

"Hazipendi, bwana. Watu wengine hawapendi. Imeandikwa."

"Haijaandikwa. Hilo ndilo nililotaka. Nimekipekua mara mbili, hakuna mahali kitabu kinasema kwa nini. Lakini ukisoma unajua kuna sababu, unaiona imekaa pale chini kama bitana. Aliyeandika anaijua. Wewe umesema hazipendi."

"Sasa kama haijaandikwa mimi nijibu nini? Unaniuliza kitu ambacho hakimo—"

"Mafuta ya ganda," alisema Apolonia.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekukumbusha umeacha mlango wazi. Alikuwa bado amesimama pale mlangoni alipoambiwa anyanyuke, kata ya kanga mkononi.

"Alikuwa anabangua na mama yake, ana miaka sita. Mama akageuka, yeye akaing'ata moja na ganda lake. Yale mafuta yakambabua. Wiki mbili alikuwa anakunywa uji kwa mrija wa mpapai. Tangu hapo akisikia harufu yake tu mdomo unamwasha. Nilifikiri kuiandika. Nikaona hapana, mwenye kujua atajua."

Hakugusa kovu lake. Hakukuwa na haja, watu watatu walikuwa wanalitazama.

Bi Kidawa alishusha mikono taratibu, pini zikamchoma kila mahali, hakujali. "Ni wewe," alisema. "Mwanangu ni wewe umenikosesha swala."

Hasira ya Mwanasha, iliyokuwa imekaa siku mbili bila kujua imwendee nani, ilisimama sasa ikaona njia. Na njia haikuwa moja. Alimkasirikia Damiani, hilo halina maneno. Lakini alimkasirikia na yule mwanamke pia, kwa kubeba boksi kichwani kutoka stendi, kwa kulikalia, kwa kuinuka alipoambiwa inuka. Na alijikasirikia mwenyewe, yeye mpekuzi wa mishono, ambaye mtu ameingia mlangoni kwake na jibu la kitabu usoni, na hakumpa hata kiti.

"Umeiba," alimwambia Damiani.

"Sijaiba. Usilitumie hilo neno." Damiani alikuwa amebadilika rangi. "Madaftari saba. Ameandika kwa penseli, penseli, jikoni, mengine yana mafuta. Nani angeyasoma? Mimi ndiye niliyekaa miezi mitano nachapa. Kila herufi iliyomo mle nimeigusa kwa kidole changu. Nimetafuta wa kuchora jalada, nimekwenda Dar mara mbili. Yeye ameandika, mimi nimekifanya kitabu. Halafu ni mke wangu. Ndani ya nyumba cha mke na cha mume ni kimoja."

"Mbona magauni yake huvai," alisema Bi Kidawa.

"Bibi, naomba usiingilie."

"Nimesimama hapa na pini hamsini mwilini, nisiingilie? Wewe ndiye umeniingilia."

"Na sura ya ishirini?" Mwanasha aliuliza. "Hiyo nayo ulikuta kwenye daftari?"

Damiani alijibu kwa sauti iliyoshuka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie haikuwa sauti ya mtu anayegombana.

"Daftari la saba liliishia pale stendi. Anapanda gari, konda anamuuliza, mama, unashuka wapi? Anasema twende tu. Basi, gari likaondoka. Nikafunua ukurasa, mweupe. Nikafunua mwingine, mweupe."

"Jamani, mimi sijafika huko," alisema Bi Kidawa.

"Mtama wote wanajua sisi tunakaa wapi. Wanajua kitanda chetu kina mguu mbovu, mimi mwenyewe niliwahi kusimulia kijiweni kwamba nimeanguka. Wangesoma wangesema nini? Yule mume ni nani? Wangesema mke wa Damiani ameondoka." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilimrudisha nyumbani. Hilo tu. Nimemrudisha mke nyumbani kwake, nimempikia na pilau. Hilo ndilo kosa?"

"Ulimpigisha magoti," alisema Mwanasha. "Mara tatu. Ulimfanya aombe msamaha kwa mtu aliyemwibia. Halafu ukasaini."

"Ni hadithi."

"Sasa ni hadithi? Si ulikuwa unaogopa watu watajua sio hadithi?"

Nje kuna mtu alipita anauza vitumbua vilivyobaki asubuhi, akachungulia, akaona nyuso, akaendelea na safari yake.

Mwanasha alichukua simu. Akabonya pasipo, akafuta, akabonya tena. Kule ndani ya Kapu watu arobaini walikuwa wanasubiri. Mmoja alikuwa ameshaandika: *fundi vipi, tule au tusile?*

"Nawaambia," alisema. "Leo nawaambia wote. Jina lake nalitaja, madaftari saba nayataja, penseli naitaja. Na pilau. Wakusikie mpaka Songo Mnara."

"Usiniharibie," Damiani alisema. "Mwanasha. Dada yangu. Nina duka pale. Watu wataacha kuja."

"Watakuja zaidi. Watakuja kukuuliza."

"Usirekodi," alisema Apolonia.

Mwanasha aligeuka na simu mdomoni. "Unasemaje?"

"Nimesema usirekodi."

"Unamtetea? Baada ya haya yote unamtetea?"

"Simtetei."

"Basi unataka niseme nilikuwa natania? Niwaambie watu mimi ndiye muongo, wewe urudi Mtama na boksi kichwani, na Sabina abaki kapiga magoti kwenye vitabu arobaini? Na hivyo vingine vilivyobaki huko dukani? Dada, mimi nimekirusha kitabu chako ukutani kwa uchungu. Nimekipenda mpaka nimekirusha. Halafu unasimama hapo unaniambia usirekodi." Sauti ilikuwa imepanda mpaka jirani, fundi viatu, akazima redio yake ili asikie vizuri. "Sema basi wewe. Umenyamaza kurasa mia mbili, umenyamaza tangu umeingia. Sema."

Apolonia alimpita Damiani kama unavyopita kiti, akaliendea boksi, akapiga goti mbele yake. Damiani alimwona amepiga goti, akapumua, akamtazama Mwanasha kama kusema unaona, mambo ya nyumbani yanaisha nyumbani. Akajiweka sawa kola ya shati.

Apolonia akatoa kitabu kimoja. Akatoa cha pili, cha tatu, akavipanga sakafuni, migongo upande mmoja. Alikuwa na haraka ya mtu aliyezoea kazi ya wingi, mkono unakwenda bila macho, kama anavyobangua mtu wa kubangua. Vilipofika kumi akaacha, akachukua kile cha juu, akakifungua kutokea nyuma. Alifunua karatasi moja moja, akihesabu kwa midomo bila sauti, mpaka akafika pale penye maneno *gari likaondoka*. Akapapasa ukurasa kwa kiganja. Halafu akazishika zile kurasa kumi na moja zilizobaki, zote pamoja, akazikunja kwenye mgongo wa kitabu na kuuburuza ukucha juu mpaka chini, ukalia krr, ukaacha alama iliyonyooka kama ya chaki ya fundi kwenye kitambaa.

"Poli," Damiani alisema. "Poli, unafanya nini?"

Aliinuka, kitabu kimefunguka mkononi. Hakumwangalia mumewe, wala simu, wala Bi Kidawa aliyekuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili huku pini zikimwagika sakafuni. Aliangalia mezani.

"Dada Mwanasha," alisema. "Naomba mkasi wako. Najua haukati karatasi."